Moto Mmoja, Kazi Mbili

Mwaka ule niliogopa mambo mengi, lakini zaidi ya yote niliogopa kuishiwa na makala, yale makaa ya kupikia. Usinicheke. Mtu ambaye hajawahi kuingiza mkono ndani ya gunia na kugusa chini hajui namna moyo unavyokwenda mbio. Hapa kwetu Kibabi, juu ya milima ya Masisi, baridi haisubiri usiku. Ukungu unaweza kushuka saa saba mchana ukakaa mpaka jioni, na mvua ikiongezeka juu yake, hata mbuzi wanakwenda kujibana ukutani.

Zamani tulipikia kuni. Lakini msitu ulikuwa hauendeki tena. Wanawake wawili wa kanisani kwetu walikwenda kuokota kuni, wakarudi bila kuni na bila maneno, na hakuna aliyethubutu kuwauliza. Tangu siku hiyo tukawa watu wa makala. Makala hayo yalitoka upande wa Walikale, yakapitia Kashebere juu ya migongo ya watu na juu ya pikipiki. Barabara ikifungwa, kwa risasi au kwa matope, bei inaruka, nasi tunabaki kukodoa macho.

Basi nikaanza kufikiri. Sikusoma sana, lakini kufikiri hakuombi diploma. Plake ya jua tuliyokuwa nayo iliwasha taa moja na kuchaji simu, haikuweza kuivisha hata yai. Jirani yangu alijaribu jiko la mafuta ya taa, chakula chake chote kikanuka mafuta mpaka watoto wakagoma kula. Mimi nilifinyanga jiko la udongo lile linalobana makala, na kweli lilisaidia. Lakini maharagwe ni maharagwe. Yanataka asubuhi nzima juu ya moto, na jioni unawasha tena ili watu waote.

Hapo nikaiangalia nyumba. Tulikuwa tumeijenga haraka tuliporudi kutoka kukimbia vita: mbao za mkaratusi, mabati juu, na kati ya ubao na ubao nafasi ya kupitisha kidole. Upepo uliingia huku ukatokea kule bila kubisha hodi. Nikajiambia kwamba nilikuwa nachoma makala ya bei ghali ili kupasha joto mlima mzima wa Kibabi.

Nikafunga mkanda. Nikachanganya udongo na mavi ya ng'ombe, nikaziba kila ufa. Nikatandika turubai chini ya mabati. Dirisha la chumba nikalipigilia ubao. Chini ya mlango nikaweka gunia kuukuu lililokunjwa. Kisha jiko lililokuwa nje nikaliingiza chumbani na sufuria ya maharagwe juu yake. Moto mmoja, kazi mbili: unapika, na unapasha nyumba. Gunia lililokuwa linaisha kabla sijaligeuza upande likaanza kudumu, nami nikaanza kulala usingizi wa mtu aliyeshiba.

Mume wangu alikuwa anabeba mizigo kule Rubaya, kwenye migodi, na alirudi nyumbani mara chache. Siku aliyoingia akakuta joto lile, alivua koti, akakaa, akanitazama.

«Mama, weye ungeweza kukamua hata majivu itoe moto,» akasema.

Nilijidai kukasirika, lakini nilifurahi sana. Wanawake wa kilima chetu wakaja kuona. Nikawa profesa. Niliwaonyesha namna ya kukanda udongo usipasuke, namna ya kukunja gunia la mlangoni, na nyumba nne zikafanya kama yangu. Mmoja aliniuliza kama si hatari kufungia moto ndani. Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejua:

«Hatari iko mu moshi, dada. Makala haina moshi. Haina mubaya.»

Hivyo ndivyo tulivyoamini sisi watu wa hapa. Wazazi wetu walikaa na moto wa kuni katikati ya nyumba maisha yao yote. Walikohoa, macho yao yakawa mekundu, na moshi ukapenya kwenye majani ya paa ukaenda zake. Tukauona moshi ndio adui. Tulipopata moto usio na moshi, na paa lisilopitisha kitu, tuliona tumeendelea.

Binti yangu akaja kujifungua. Ni desturi yetu, mimba ya kwanza mwanamke anarudi kwa mama yake. Mume wake alikuwa anachimba kule kule Rubaya. Akajifungulia kwenye kituo cha afya, mtoto wa kike, na kesho yake tukapanda naye kilima. Kwetu mzazi hatoki mpaka kitovu cha mtoto kianguke. Anakaa na moto karibu, mlango umefungwa, ili baridi isimwingie mifupani na watu wenye macho mabaya wasimwone mtoto. Nilitembea nikiringa. Hakuna mzazi katika kilima kile aliyekuwa na chumba chenye joto kama cha binti yangu.

Siku ya nne mvua ilianza alfajiri na haikupumzika. Niliongeza makala kuliko kawaida, nikabandika maharagwe, na kwa kuwa kuku wangu alikuwa ametotoa juzi, nikamwingiza naye na vifaranga vyake ndani ya kikapu, miguuni pa kitanda. Kila kiumbe changu kiote moto ule ule. Nilijisikia mwenye akili.

Kabla sijatoka binti yangu aliniita.

«Mama, kichwa inaniuma.»

«Kichwa ya muzazi inauma kila siku. Kunywa uji, ulale.»

«Ufungue mulango kidogo tu. Najisikia kutapika.»

«Unataka baridi ikuingie mu mifupa? Utafungua siku kitovu itaanguka.»

Nikarudisha gunia chini ya mlango nikalikanyaga vizuri kwa mguu. Neno lile nililomjibu nalisikia mpaka leo. Nikaenda barazani kutwanga sombe, majani ya mihogo. Mvua juu ya mabati ilipiga kelele hivi kwamba sikusikia hata kinu changu mwenyewe.

Niliporudi kukoroga maharagwe, niliona vifaranga kwanza. Vilikuwa vimelala ubavu ndani ya kikapu, miguu imenyooka, na mama yao anayumba akigonga ukuta. Nikakasirika. Ndiyo, nilikasirika, niseme ukweli. Nikadhani ni ule ugonjwa unaomaliza kuku, nikamgeukia binti yangu.

«Vifaranga vinakufa mbele yako, weye unalala tu? Hata kuniita?»

Hakujibu. Nikaendelea kumgombeza. Nilisema uvivu, nilisema watoto wa siku hizi, nilisema nani atanilipa kuku wangu. Nilisema mengi kwa mtu ambaye hakunisikia. Kisha nikamshika bega kumtikisa, na shingo yake ikaenda upande kama haina mfupa.

Nikamwinamia. Mtoto alikuwa kifuani pake, mdomo umeacha ziwa, mikono imelegea. Nikamwinua, hakujikunja wala hakulia. Na kichwa changu mimi mwenyewe kikaanza kugonga. Sikujua ni nini. Nilifikiri uchawi. Nilifikiri ugonjwa wa kuku umeruka ukaingia kwa watu. Nilijua jambo moja tu, kwamba kitu kilichoua vifaranga kilikuwa humo chumbani pamoja nasi, na sikukiona.

Nilikimbilia dirishani, nikakuta ubao wangu na misumari yangu. Nikageuka mlangoni. Gunia lilikuwa limejikunja chini ya mlango ulipojirudisha nyuma yangu, likaukaza. Nilivuta, haukuja. Nikalipiga teke gunia lile nikilitukana, mtoto mkononi, pumzi inaniisha, na nyuma yangu maharagwe yanatokota kwa utulivu kabisa. Teke la tatu au la nne mlango ukaachia.

Nilimweka mtoto ndani ya kikapu cha sombe pale barazani, juu ya majani. Nikarudi ndani. Sitaki kudanganya kwamba sikuogopa kurudi. Nilisimama kizingitini kwa muda, na muda ule ulikuwa mrefu. Kisha nikamshika binti yangu makwapani nikamburuta. Alikuwa mzito kuliko gunia lolote nililowahi kubeba. Niliita watu, mvua ikameza sauti. Nikamlaza barazani, nikampiga makofi mashavuni, nikamwita kwa majina yote ya utotoni.

Maji ya mabati yalikuwa yanadondoka pembeni mwa kikapu, na tone moja baridi likaangukia mguu wa mtoto. Akaukunja mguu, kisha akalia. Kilio chembamba, cha hasira. Nikaanza kulia naye. Baadaye kidogo binti yangu akageuka ubavu akatapika, akafungua macho, akaniuliza kwa nini tuko nje.

Wabeba mizigo wawili waliokuwa wanatoka Rubaya walisikia kilio changu. Walitua mizigo yao hapo hapo kwenye tope, wakamfunga binti yangu kwenye kipoyi, machela ya miti na blanketi, wakashuka naye mbio. Mimi nilifuata na mtoto, nikimfunua pua kila hatua mbili kuhakikisha anapumua.

Kituo cha afya kilikuwa kimejaa wanawake waliokuja kupima watoto, wamebanwa na mvua. Muuguzi hakutuingiza ndani. Alituweka barazani penye upepo, akawasikiliza wote wawili vifuani, akauliza walikuwa wapi. Nilipotaja jiko na maharagwe, akaacha kuandika.

«Mulango ilikuwa imefungwa? Na dirisha?»

Nikamfunika mtoto miguu. Binti yangu, aliyekuwa hawezi hata kuinua kichwa, akajibu mbele yangu:

«Ni mimi njo nilifunga, Muganga. Nilisikia baridi.»

Nikamtazama. Hakunitazama. Muuguzi akamgombeza kwa upole, halafu akasema kwa sauti ili wote wasikie: makala yakiwaka ndani ya chumba kilichozibwa yanatoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaanza kwa kichwa kuuma na kutaka kutapika, kisha usingizi, kisha basi. Akasema moshi angalau unakufukuza, lakini hii inakubembeleza. Dawa ya kwanza ni hewa. Angewaweka pale chini ya macho yake mpaka kesho, na hali ikibadilika atawapeleka hospitali kubwa.

Wanawake wakaguna. Mmoja akasema wazazi wa leo hawajui kulinda mtoto. Mwingine akasema ujana ni mzigo. Nami nikanyamaza. Mimi ambaye sijawahi kunyamaza sokoni, kanisani wala matangani, nilikaa pale na mikono juu ya magoti, nikaacha mtoto wangu abebe lawama yangu. Niliogopa macho yao. Niliogopa mume wangu atasikia. Niliogopa kuwa yule mama aliyekaribia kumaliza kizazi chake kwa kubana makala.

Ndipo mwanamke aliyekuwa mwisho wa benchi, mtu wa kilima chetu, akasema taratibu huku akimfunga mtoto wake mgongoni:

«Shida ni kutozoea tu. Kwetu tunafunga sawa vile kila siku, na hatukufe.»

Wengine wakakubali kwa vichwa. Kwao kosa lilikuwa la msichana mmoja mzembe, si la jiko wala la chumba kilichozibwa. Mvua bado ilikuwa inanyesha. Nikakumbuka kwamba saa ile, juu kule, nyumba nne zilikuwa na maharagwe motoni, na watoto hawakwenda shule kwa sababu ya mvua.

Nikasimama. Sauti ilitoka mbovu.

«Mutoto anadanganya. Njo miye nilifunga. Aliniomba nifungue, nikakatala. Na mama huyu, njo miye nilimufundisha.»

Sikungoja kuona nyuso zao. Yule wa benchi nilimshika mkono nikamwambia nyumba yake ndiyo ya mbali zaidi, akimbie, na yeye akakimbia. Mimi nilipanda kilima kwa njia ya mkato, nikiteleza, nikishika majani, na kila hatua nikifikiri nimechelewa. Nilikuwa nimeogopa makala kuisha. Kumbe ile haikuwa hofu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya yule jirani wa jiko la mafuta ya taa. Nilimkuta barazani anachambua mchele, amevaa kitenge cha nyumbani, ametulia. Nikamwambia atoe moto nje, afungue kila kitu. Akacheka.

«Weye mwenyewe ulisema haina mubaya. Leo unatuonea wivu ya joto?»

«Nimekaribia kuua mutoto wangu. Na mujukuu. Batoto yako iko wapi?»

Kicheko kikamtoka usoni. Alikuwa amewalaza ndani, watatu, kwa sababu ya baridi. Tukausukuma mlango pamoja, joto likatupiga usoni, lile joto zuri nililowafundisha. Akawaita kutoka kizingitini. Mkubwa akaitika. Wa pili akaitika. Akamwita wa tatu mara mbili, na mimi nilikuwa nimekwisha kuingia nikipapasa gizani kutafuta kitanda, ndipo kijisauti kikajibu kwamba hawezi kuamka, kichwa kinamuuma.