Uboho wa Ukoo Mwingine

Binti yetu alipougua saratani ya damu, daktari alitueleza kwamba kila mzazi hulingana na mtoto wake kwa nusu, na nusu hiyo inatosha kumpandikizia uboho. Nikasema mimi niko tayari. Wakwe zangu wa Bwera wakafanya kikao bila mimi: mtoto ni wa ukoo wa baba, basi uboho utoke kwa baba. Mimi eti ni mtu wa kuja. Nikanyamaza, na kunyamaza huko sijajisamehe.

Tulisubiri vipimo vya mume wangu wiki tatu, homa ya mtoto ikipanda na kushuka. Majibu yalipofika hospitali ya Kasese, yalionyesha ini la mume wangu lina virusi. Hafai. Nikabaki mimi.

Siku moja kabla ya safari ya India kwa upandikizaji, mama mkwe alipika kuku. Firigisi ni ya mwenye nyumba, hata watoto wanajua. Yeye akaiweka kwenye sahani yangu, mume wangu akitazama.

“Kula,” akasema. “Mutoto iko ndani yako tena.”

Niliitafuna polepole, nikizihesabu zile wiki tatu.