Jani la Sale Lililovuka Mpaka

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyetunga msemo huo hakuwahi kukabidhiwa mgeni wa kumtembeza Arusha siku tatu mfululizo.

Mwaka ule Nane Nane iliangukia Ijumaa. Bosi wetu akaniita mbele ya watu, ili nisipate pa kukataa, akasema nimtembeze dada wa Kizungu aliyekuwa ameajiriwa ofisini kwetu muda si mrefu. "Anataka kuona utamaduni," akasema. Utamaduni! Utadhani ni twiga, unampeleka mtu na gari, anapiga picha, mnarudi.

Ijumaa nikampeleka Njiro kwenye maonyesho ya wakulima. Baridi ya Agosti inauma, yeye kavaa kaptula. Akawaamkia shikamoo watoto wa shule, wakacheka mpaka wakakaa chini, naye akaniambia watoto wa huku wana furaha sana. Jumamosi tukaenda mjini kutazama picha za kuchora. Mlinzi wa getini akamfungulia yeye kwa tabasamu, mimi akanizuia: "Na wewe dada, unamfuata nani?" Na lafudhi yake ni ya kwetu kabisa, Mmeru mwenzangu! Nikamjibu kwa Kimeru, maneno ambayo sitayaandika hapa. Ndani mgeni akasimama mbele ya picha ya mwanamke aliyejitwika mkungu wa ndizi, akaniuliza inamaanisha nini. Nikamwambia inamaanisha ndizi ni nzito.

Ningeishia hapo. Lakini alikuwa ameshasikia kwamba kwetu ni Nkoaranga, akanishikilia nimpeleke kwa mama. Jumapili baada ya ibada tukapanda mlimani.

Mama alipika loshoro ya mahindi na maziwa mgando, akatandika kitambaa cha meza cha wageni. Mgeni akala, akasifu, akaomba kuongezewa. Nakiri mama alimpenda. Tukiwa tunazunguka shambani akauliza ile mimea yenye majani marefu iliyosimama mstari ni nini. Nikamwambia ni sale. Kwetu ndiyo mpaka wa shamba, na ndiyo msamaha pia: mtu akikukosea, anakutumia jani la sale kwa mkono wa mtu wa kati, nawe ukilipokea umesamehe, kesi imekwisha.

Akaona mstari umepinda, akauliza kwa nini. Nikamweleza. Tulipomzika baba, kabla hata maua hayajanyauka, baba mdogo aling'oa sale za mpaka akazipanda upya ndani kwetu, akameza kipande chote cha mibuni kinachoshuka mtoni. Mibuni hiyo mama aliipanda kwa mikono yake, akiwa na mimba yangu. Wazee wa ukoo walikaa, wakaona kila mmoja anavutia kwake, wakaamua: asivune mtu hapo mpaka mwenye kosa apeleke sale kwa mwenzake, na atakayepelekewa ndiye avune. Tangu siku hiyo kahawa inaiva, inakauka, inadondoka. Mama anaitazama kutoka jikoni. Hajawahi kulalamika. Alikuwa anasubiri jani.

"Inasikitisha sana," mgeni akasema, machozi yakimlengalenga. Mimi, mjinga, nikamwona ana utu.

Tukarudi ndani. Mimi na mama tukawa tunaosha vyombo, yeye akaomba kwenda nje kupiga picha. Aliporudi uso ulikuwa unang'aa.

"Amekubali!" akasema. "Amesamehe! Amenikumbatia!"

"Nani?"

"Baba mdogo. Nimempelekea jani. Nimemwambia, shikamoo, mama ameniagiza, samahani."

Sahani ilimtoka mama mkononi. Hakuiokota. Akavuta kigoda, akakaa, akafunika mdomo kwa upande wa kanga.

Mimi nilipiga kelele, majirani wote wakasikia. Nilimwuliza nani kamtuma. Nilimwuliza kwao huwa anaingia nyumba ya mtu na kumwombea msamaha mtu ambaye hakukosa! Alianza kulia. "Lakini ulisema anayepelekewa lazima asamehe," akasema. "Nilitaka kusaidia." Kusaidia! Neno hilo wanashuka nalo kwenye ndege.

Nikavuka mpaka mbio, matope mpaka magotini. Baba mdogo alikuwa uani na wazee wawili wa ukoo waliotoka naye kanisani, jani liko juu ya meza, bichi. Ananiangalia kwa upole, yule mzee!

"Shikamoo baba," nikasema, maana hata ukiwa na hasira huwezi kuacha. "Yule mgeni hajui alichofanya. Mama hakumtuma."

"Marahaba mwanangu. Amekula kwenu?"

"Amekula."

"Jani limetoka boma la nani?"

"Letu."

"Basi katoka mezani kwa mama yako, na jani la mama yako. Mtu wa kati ni nani kama si mgeni? Mwambie shemeji nimesamehe, sina kinyongo."

Nikawageukia wale wazee. Mmoja alitazama viatu vyake. Mwingine alisema, taratibu, kwamba sale ikishapokewa hairudishwi, ni kujitafutia laana. Walijua! Naapa walijua, wote watatu, na walikunywa chai yao.

Nikamrudisha mgeni mjini, yeye analia njia nzima, mimi nashika usukani kama namnyonga mtu. Jumatatu ofisini nikakuta watu wamemzunguka. Macho bado yamevimba, lakini picha anawaonyesha: yeye na baba mdogo wamekumbatiana, jani katikati. Bosi akanishika bega. "Hongera," akasema. "Huo ndio utamaduni."

Simu ikaita. Mama.

"Baba yako mdogo yuko huku chini na vibarua," akasema. "Wanachuma."

"Mama, wafukuze! Nakuja sasa hivi, nakuja na polisi!"

"Usije." Sauti yake ilikuwa imenyooka. "Amepita mlangoni kwangu, amenisalimia vizuri kabisa. Ameniuliza mpaka hali ya mguu. Nami nimeitikia. Ningefanyaje, mwanangu? Mtu ameshanisamehe."