Kwenda Dirishani Bila Kuulizwa

Siku ya kwanza kazini niliambiwa niingie chumba cha giza, nikakataa. Giza la kwetu Kisegi nililijua, lina nyota. Hili lilikuwa na taa moja tu nyekundu, kama jicho la mlevi. Ilikuwa hospitali moja hapa Migori, miaka ya tisini ikianza. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo kazi niliyopewa ni kuosha filamu za eksirei: unaitia kwenye dawa, mifupa inatokea, unasuuza, unaianika kama omena, dagaa wetu wa ziwani. Na omena ya siku hizo ilikuwa tamu, si hii ya leo imejaa mchanga. Lakini wacha hiyo.

Mkubwa wetu, radiografa mkuu, alikuwa mtu wa Meru, mrefu, mwenye haraka. Yeye ndiye alinifundisha kwamba miale ya eksirei haionekani wala hainuki, na inapita ndani ya mtu. Alitupatia beji za kuvaa, ndani kuna kipande cha filamu kinachoonyesha umepigwa na miale kiasi gani. Kulikuwa pia na aproni ya risasi, yale madini mazito. Ukiivaa unatembea kama ng'ombe anayevutwa mnadani Ogwedhi na hataki kuuzwa.

Shida ilikuwa watoto wadogo. Mtoto akirusha miguu mezani, na mama yake ametoka nje kwa uoga, nani atamshika picha ikipigwa? Nesi wetu, Akinyi. Aproni alivaa, sawa, lakini alisimama pale pale karibu na mashine.

Sasa, Akinyi alikuwa amepoteza mimba mara mbili. Asubuhi moja nikamwona anatafuna odowa, lile jiwe laini ambalo wajawazito wetu wanalitamani. Nikanyamaza. Kwetu mimba changa haitajwi, watu wa jicho baya wasije wakaisikia. Hata mume anajua kwa kuona tu.

Mkubwa hakujua hayo. Jumatatu akatuita sote, mpaka dereva. "Mwenye mimba ainue mkono!"

Karani wetu, mtu mnene, akapapasa tumbo lake. "Yangu ni ya ugali, mkubwa."

Tukacheka, mkubwa hakucheka. "Miale inaweza kudhuru mtoto kabla tumbo halijaonekana. Msiponiambia, nitawakinga namna gani?"

Akinyi aliangalia sakafu, halafu akaenda kuchukua aproni. Nilimfuata kwenye korido. "Nyaminwa, dada yangu, mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Akinyi."

Macho yakamjaa machozi. "Ile ya pili nilisema, Min Otieno," yaani mimi, mama wa Otieno. "Nilisema, na ikatoka."

Wiki hiyo yote, kila mtoto alipolia mle ndani, mimi nilijua ni nani amemshika.

Jumatatu iliyofuata mkubwa alituita tena, mpole kidogo. "Mke wangu ni wa kwenu, Mbita," akasema. "Nilipomweleza mkutano wangu, alicheka mpaka ugali ukashika sufuria. Ananiuliza, 'Baba Kendi, yaani uliuliza wanawake wa kwetu mbele ya dereva?'" Dereva akajifanya anakohoa. "Basi, kuanzia leo, mwanamke yeyote akitaka kukaa dirishani kuandikisha wagonjwa, aende. Haulizwi kwa nini, leo wala kesho. Mtoto atashikwa na jamaa yake, avae aproni, na asiwe mjamzito. Jamaa asipokuwepo, karani atashika."

"Na tumbo hili?" karani akauliza.

"Hilo la ugali halidhuriki."

Akinyi alitundika aproni msumarini, akaenda dirishani polepole kama mtu anayefuata maji ya kunywa. Hakuna aliyegeuza shingo.

Akazaa msichana, mzima, mwenye sauti. Aliporudi kazini, mama mkwe wake akamleta mtoto mpaka hospitali kulalamika: eti mashine imechoma maziwa ya Akinyi, mtoto apewe ya ng'ombe.

Mkubwa alimkaribisha kwenye benchi. "Mama, eksirei ni kama taa ya stima. Ukizima swichi, imeisha. Haibaki ukutani, haibaki kwa maziwa. Anyonyeshe tu."

Akinyi akanyonyesha hapo hapo. Mama mkwe alimkazia mtoto macho, akingoja abadilike rangi. Mtoto alicheua, akalala.

Baadaye nilihamishiwa Homa Bay. Nilipomweleza matroni wa huko sheria yetu ya dirishani, aliniuliza, "Sheria gani hiyo haina swali?" Nikamwambia, "Hiyo hiyo, matroni, ndiyo inafanya kazi." Akaijaribu, na huko ndiko nilistaafia.

Siku hizi picha zinatokea kwa kompyuta, na chumba cha giza nasikia kimekuwa stoo ya ndoo. Nyinyi wasichana mnaofanya kazi hii mnasema mimba mapema bila kuogopa, na mimi nafurahi, kwa sababu miale haingoji mtu azoee. Semeni. Lakini wakubwa, kuna yule ambaye mdomo unakataa. Huyo naye mpeni njia.

Akinyi alizaa wengine wawili, na mpaka leo hajawahi kuniambia kwamba ana mimba.