Trekta Tuliloombwa Tusilichinje

Waliokuwepo uani kwetu Gerezani siku ile ni hawa, nawataja mmoja mmoja ili asije mtu akasema bibi anatunga. Mume wangu Salum Mbwana, mwenye ua. Mdogo wangu Idi, baba mmoja mama mmoja, fundi wetu. Bwana Lyimo, Mchaga wa duka la spea Mtaa wa Narung'ombe, alikuja kuchukua gia boksi aliyokwisha kuilipia. Mama Zaituni, aliyekuwa akiuza chai na maandazi hapo mlangoni. Na mimi. Watu watano, mchana, jua linawaka. Salum na Lyimo wametangulia mbele ya haki. Mama Zaituni yupo Mbagala kwa binti yake. Idi nitamfikia.

Mimi si msomi. Kuandika nilijifunza ngumbaru, jioni, mtoto mgongoni. Lakini majina sisahau, na hili nililiona kwa macho haya haya. Kama huamini, wacha kusoma, sitakasirika.

Nianze na kazi yetu. Zilikuwa enzi za ruksa. Mashirika ya umma yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine, na mashamba ya serikali huko bara yalikuwa yakiuza vyuma vyao kwa zabuni. Zabuni ilikwenda hivi: unakwenda kuliangalia trekta, unajaza fomu, unaandika bei yako, unaifunga kwenye bahasha na kuitumbukiza sandukuni. Siku ya kufungua wanasoma bei zote mbele ya watu. Aliyezidi anachukua. Na sisi tukichukua, tulikuwa tunachinja. Ndivyo tulivyosema: kuchinja. Trekta zima lililokufa hakuna mtu mwenye shida nalo, ila pampu yake, difu yake, gia zake, kila mkulima anazitafuta. Idi alikuwa akilifungua trekta kwa siku tatu, likabaki mifupa. Viungo vinakwenda Kariakoo.

Kazi hiyo ilikuwa na mwiko mmoja. Bei yako haonyeshwi mtu. Salum alikuwa haiandiki mpaka afike mbele ya sanduku, na akiandika anakinga mkono kama mtoto darasani. Walikuwepo watu waliouza siri za bei, vishoka wa zabuni, na ukijulikana umezungumza nao unafutwa, hununui tena mahali popote.

Sasa siku ya mwisho ya trekta moja jekundu, Salum akashikwa na malaria. Akatetemeka kitandani mpaka kitanda kikalia. Akaniita.

"Mama Tatu, nenda wewe. Fomu nimejaza. Imebaki namba ya injini, namba ya chesisi, na bei. Namba utazikuta kwenye kibao, ubavuni. Bei hii hapa." Akaninong'oneza. "Asiione mtu. Hata ndugu yako."

"Hata Idi?"

"Idi ana mdomo kama redio."

Nikaenda. Yadi ilikuwa upande wa reli, imezungushiwa mabati. Mlinzi alikuwa Mzee Ngonyani, aliyeletwa pamoja na matrekta yale kutoka shambani. Akaniambia, mama, mimi nakwenda kula, nakufungia kwa kufuli usije ukaibiwa humo ndani, nikirudi nakufungulia. Nikasikia kufuli ikilia. Adhana ya adhuhuri ilikuwa bado.

Nikalizunguka trekta. Kibao hakuna. Palikuwa na matundu manne ya misumari, basi. Nitaandika nini? Fomu isiyo na namba inatupwa, na sanduku linafungwa saa tisa.

"Usijisumbue, mama. Kibao kiling'oka tulipogonga tuta la mfereji."

Nikageuka. Mwanamume wa makamo amekaa juu ya madigadi ya kushoto, ovaroli la kaki, gamubuti. Nikasema labda ni fundi wa yadi alikuwa amelala nyuma huko. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu.

Niamini, sikuogopa. Mtu anaogopa akishajua. Mimi nilikuwa na shida yangu, naye akasema, andika. Akanitajia namba ya injini, tarakimu kwa tarakimu, macho yake yako mbali, kama mtu anayetaja majina ya wanawe. Kisha ya chesisi. Nikaweka fomu juu ya boneti, na chuma kilikuwa cha moto hata nikatanguliza khanga chini ya mkono. Yeye viganja vyake amevilaza kwenye chuma hicho hicho. Nikaona gamubuti zake zinadondosha tope. Mjini mvua haikuwa imenyesha miezi miwili. Nikajiambia amekanyaga mfereji. Lakini mimi nimezaliwa Rufiji, jamani, harufu ya tope la mpunga siwezi kuikosea.

Nikaandika bei. Sikukinga mkono. Nilisahau kabisa, maana yeye ndiye aliyekuwa ananisaidia.

Akasema, "Haitoshi. Bwana Kanti ameweka zaidi ya hapo. Ongeza kidogo."

Hapo ndipo nikashtuka, nikajua nimeangukia kwa kishoka. Bwana Kanti alikuwa Mhindu wa duka la pampu za maji Mtaa wa Msimbazi, mshindani wetu wa siku nyingi. Nikauliza, na wewe unataka nini?

"Pesa sitaki. Shamba wamelivunja, hili wasilivunje. Mkilipata, muuzieni mtu wa kulima. Msilichinje."

Nikasema, "Haya, baba, hatulichinji."

Unajua tunavyosema haya sokoni? Mchuuzi anakufuata na bidhaa yake, unamwambia haya, nitarudi, ili akuache upite. Nilisema hivyo hivyo. Nikaifuta bei ya mume wangu, nikaandika nyingine aliyonitajia, nikafunga bahasha. Nilipoinua macho, madigadi haina mtu.

Kufuli ikalia. Mzee Ngonyani akaingia anachokonoa meno.

"Yule baba mwingine katokea wapi?" nikamuuliza.

"Baba gani? Humu nimekufungia peke yako. Ufunguo huu."

"Alikuwa amekaa pale."

Akatazama madigadi ya kushoto. Akaacha kuchokonoa meno. Akaniuliza taratibu, "Alikuomba nini?"

Na mimi, kwa kuiogopa ile bei kwenye bahasha, nikajibu, "Hakuniomba kitu."

"Basi vizuri, mama. Ila akiomba, mpe."

Angeniambia zaidi kama ningekaa. Nikakimbilia sanduku.

Siku ya kufungua, Salum alikuwa amepata nafuu, tukaenda wote. Karani Bi Anastazia akasoma bei ya Bwana Kanti, halafu akasoma yetu. Salum akanigeukia. Si bei aliyoninong'oneza. Bi Anastazia akalinganisha namba na jalada lake, akasema namba sawasawa, limekwenda kwa Salum Mbwana.

Bwana Kanti akacheka huku ameshika kiuno. "Salum, wewe umepiga ramli? Umenizidi kwa nauli ya teksi tu."

Njiani Salum akaniuliza. Nikasema nilichanganya tarakimu, jua lilikuwa kali, unajua mimi na hesabu. Akacheka mpaka akasimama. "Ngumbaru yako leo imetuletea trekta." Siku hiyo akaninunulia doti ya khanga. Ningesema ukweli nikiwa na doti mkononi? Niseme nilimwonyesha bei mtu, tena nikaibadilisha kwa maneno yake?

Trekta likavutwa mpaka uani. Siku ya kwanza Idi akatoa pampu ya dizeli, Lyimo akaichukua siku ile ile, akaiweka kwenye rafu dukani kwake. Shikeni hilo la pampu. Trekta lisilo na pampu ya dizeli haliwezi kuwaka, hata mtoto wa Gerezani anajua. Betri nayo halikuwa nayo tangu lilipotoka yadi.

Asubuhi ya siku ya pili niliamka na jambo langu kifuani. Nikamimina chai, nikasema, "Idi, hivi hili haliwezi kuuzwa zima?"

"Dada, ng'ombe aliyekufa utamuuza mzima kwa nani?"

Salum akadakia, "Mwache dada yako. Siku hizi anapanga bei mwenyewe."

Wakacheka. Mama Zaituni naye akacheka. Nami nikacheka. Wallahi nilicheka nao.

Mchana Lyimo akaja. Idi alikuwa amelala chali chini ya tumbo la trekta, amelipandisha kwa jeki mbili, anafungua bolti za gia boksi. Utani wao ulikuwa ule ule wa kila siku.

"Fundi, unalala au unafanya kazi?"

"Tulia, Mangi. Ukifa tutakuzika na gia boksi yako, usije ukatusumbua."

"Mimi sifi kabla sijaiuza."

Kisha spana ya Idi ikaacha kulia. Akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kutoka kule chini, "Shemeji, mwambie huyo aliyepanda ashuke. Ananilemea jeki."

Salum akatazama juu. Lyimo akatazama. Nami nikatazama. Kiti kilikuwa kitupu.

"Hakuna mtu, Idi," Salum akasema.

"Yupo. Naona mguu wake, huu hapa, gamubuti. Mwambie ashuke."

Mimi ndiye niliyejua. Kati ya watu watano, mimi peke yangu. Nilikuwa na birika mkononi. Palikuwa na nafasi, wanangu, msiseme haikuwepo. Mtu mwepesi kama Idi angeviringika mara moja akawa nje.

Injini ikawaka. Haikukohoa, haikusita. Ilinguruma kama trekta linalotoka shamba asubuhi. Likasogea mbele hatua moja, jeki zikalala, nalo likakaa chini na uzito wake wote. Kisha likazima.

Sitaandika tulichokiona tulipolinyanyua. Idi alikuwa hai mpaka alasiri. Hospitalini alinishika khanga, akaniuliza jambo moja tu: "Dada, yule mtu mnamfahamu?" Nikamwambia hapana. Huo ulikuwa uongo wangu wa tatu, na ndio aliokufa nao.

Kwenye tanga Mzee Ngonyani alikuja. Akanieleza kando kwamba trekta lile lilikuwa na dereva wake, Lupakisyo Mwaisumo, aliyelima nalo tangu likiwa jipya. Lilipinduka naye kwenye tuta la mfereji, likamlalia. Wenzake walilinyanyua, wakaliosha, wakaendelea kulima nalo. Alizikwa palepale ukingoni mwa majaruba. Kila aliyelipanda baadaye alimwambia kwanza, Lupakisyo, tunaomba gari lako. Hapo hakuna aliyeumia tena. "Nilidhani hakukuomba kitu," akaniambia. Hakunilaumu.

Lyimo alirudisha pampu mwenyewe. Aliibeba kifuani kutoka Narung'ombe, akaiweka mlangoni, akaondoka bila kutaja fedha yake. Mchaga mfanyabiashara yule. Fundi mwingine akaliunganisha, tukalitoa kwa mkulima wa Ruvu kwa bei ya kutupa. Kabla halijavutwa nilipanda juu, mimi mwanamke mtu mzima, nikasema jina lake na kumwambia anakwenda kulima. Chuma kilikuwa baridi. Jua la saa sita, na chuma baridi.

Salum nilimwambia siku ya arobaini. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Siku ile ya chai ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Tuliishi naye miaka mingi baada ya hapo, alikula nilichopika, akaniuguza nilipougua. Lakini kuchinja aliacha, na kalamu hakunipa tena. Hata barua ya shule ya mtoto wetu Tatu alimpelekea jirani amwandikie.

Siku hizi wajukuu zangu wananunua vyuma kwa simu. Minada ya mtandaoni, trekta liko ng'ambo, wanaona picha sita, wanabonyeza bei, linateremka bandarini. Mimi nawauliza, mmemuuliza aliyekuwa akiliendesha? Wananicheka, bibi, ni chuma. Haya. Nanyi mnaosoma nawaambia, kabla hujafungua bolti ya kwanza uliza lilikuwa la nani na limefanya nini. Na ukiahidi jambo kwa ajili ya chuma hicho, waambie wenzako siku ile ile, hata kama utaonekana mjinga. Ujinga unachekwa, ukapita.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Majina nina hakika nayo yote. Kama spea ya kwanza haikuwa pampu, au jeki hazikuwa mbili, anayejua anisahihishe, sioni haya. Ila kuna pahali pamoja ninapoomba hasa nisahihishwe. Mimi nakumbuka kwamba Idi aliposema gamubuti, nilimwita. Nakumbuka nilisema, "Idi, toka." Mama Zaituni anasema sikusema kitu. Anasema nilisimama na birika, mdomo wazi, mpaka chai ikanimwagikia miguuni, na sauti yangu ilitoka injini ilipokwisha kuzima. Salum sikuwahi kumuuliza, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Ua wetu ulikuwa kando ya njia, watu walikuwa wanapita. Kama ulikuwa mmoja wao, ukamsikia mwanamke akiita kabla ya trekta kuwaka, tafadhali niambie. Na kama ulisikia baada yake, niambie pia.