Boksi Namba Hamsini na Mbili

Kazini hakuna aliyemwita kwa jina la kwenye kitambulisho chake. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, wote walimwita Mama Kanda, naye aliitika bila kinyongo. Kwa miaka ishirini na minne kazi yake ilikuwa kukaa chini kabisa ya jengo, mlango wa pili baada ya jenereta, akitunza kanda za kampuni ya televisheni ya kebo. Chumba kilikuwa na rafu kumi na nne za chuma, kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo, na daftari kubwa lenye jalada la kijani. Ukimuuliza kanda yoyote hakufungua daftari. Alikutajia rafu, safu, na kama kanda yenyewe ina tabia ya kukwama.

Mwanamke huyu, nikuambie mapema, alikuwa mwoga. Si mwoga wa giza wala panya. Panya wa stoo ile ndio waliomwogopa yeye. Aliogopa watu waliokaa mezani na karatasi mbele yao. Ndiyo maana wenzake walibaki midomo wazi siku alipopanda hadi ghorofa ya tano, akagonga mlango wa mkurugenzi na kumkabidhi kurasa sita zilizochapwa vizuri, zenye kichwa: Pendekezo la Kuanzisha Chaneli ya Marudio.

Kilichompandisha huko ni woga mwingine, mkubwa kuliko ule. Wiki moja kabla, tangazo lilibandikwa karibu na lifti kwamba ifikapo mwisho wa mwezi stoo ya chini itafanywa ukumbi wa mazoezi ya wafanyakazi, na "vifaa vilivyopitwa na wakati vitateketezwa." Vifaa! Kanda elfu tatu na ushee, tamthilia zote ambazo kampuni ilizirusha tangu ianze, leo zimekuwa vifaa. Alilisoma tangazo mara tatu, akarudi chini, akalia, akajipangusa uso kwa kitambaa cha kufutia vumbi, kisha akaanza kuandika.

Pendekezo lenyewe halikuwa na makuu. Chaneli moja tu, isiyo na kipindi kipya hata kimoja. Kila jioni irushe tamthilia za zamani kwa mpangilio wake, kuanzia sehemu ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na muziki wake wa kufungulia bila kukatwa. "Wapo watazamaji waliochoka kujuana na watu wapya kila wiki," aliandika, "wanataka wale wao." Na ya kufungulia chaneli iwe Ngazi ya Nyuma.

Ukitaka kujua Ngazi ya Nyuma ilikuwa nini, muulize yeyote mwenye mvi mbili tatu. Ilikuwa tamthilia ya wapangaji wa jengo moja bovu, sehemu hamsini na mbili, ila watu waliwafuatilia wawili tu: mjane wa ghorofa ya tatu na fundi cherehani wa chini. Mwaka mzima fundi alipanda ngazi ya nyuma na kushuka, akibeba nguo ambazo hakuna aliyemwagiza azirekebishe, asipate ujasiri wa kusema neno. Ilipokuwa hewani, mitaa ilikuwa ikinyamaza.

Siku ya nne mkurugenzi akamwita. Alikuwa kijana, mwenye adabu, mwepesi wa kuangalia saa.

"Mama, nimelisoma. Sijasema ndiyo, sijasema hapana. Jumatano bodi inakaa. Uje uwaeleze mwenyewe."

"Mimi?"

"Wewe. Na usiwasomee kurasa, watalala. Waonyeshe kitu. Waonyeshe dakika kumi za mwisho za hiyo Ngazi ya Nyuma. Mwisho ndio unaouza. Wakiguswa, stoo yako inabaki. Wasipoguswa, sina la kuwaambia."

Mama Kanda aliitikia kwa kichwa, akatoka, na kwenye korido akashika ukuta.

Sehemu ya mwisho haikuwepo. Boksi lake lilikuwepo, namba hamsini na mbili, rafu ya tisa, na lebo nyeupe iliyoandikwa kwa mkono wake. Ndani yake mlikuwa na kanda tupu.

Hilo lilitokea hivi. Miaka ile kanda mpya zilikuwa adimu, kwa hiyo stoo ilikuwa na desturi yake: kanda yenye lebo nyeupe inatunzwa, isiyo na lebo inafutwa itumike tena. Kwa kufutia palikuwa na mashine ya sumaku, ukubwa wa kikapu cha mkate. Unailaza kanda juu yake, mashine inanguruma muda wa kupiga chafya mbili, basi, yote yaliyokuwemo yamekwenda. Sehemu ya mwisho ilirushwa Ijumaa. Kanda ikateremshwa stoo, Mama Kanda akaiweka mezani ili aibandike lebo, akaona kwanza anywe chai. Aliporudi, simu ikaita kutoka juu: Jumapili kuna mpira wa moja kwa moja, kanda ya kuurekodia inatakiwa sasa hivi. Akanyoosha mkono, akachukua iliyokuwa karibu, haina lebo, akailaza kwenye sumaku. Alipoirudisha kwenye boksi ndipo akaona karatasi iliyokunjwa ndani: Ngazi ya Nyuma, 52. Ya mpira akapeleka nyingine.

Jumapili marudio yalikuwa yaonyeshwe mchana, lakini kanda haikupanda juu, mpira ukajaza nafasi yake. Mtangazaji akaomba radhi kwa watazamaji kwamba marudio hayatarushwa kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu. Sababu hizo zilikuwa chini kwenye stoo, zikiandika lebo nyeupe na kuibandika kwenye kanda tupu. Hakuna aliyeiulizia tena. Miaka kumi na tisa.

Na kama yangekuwa ya kazini tu, labda angelala usingizi. Lakini nyumbani alikuwa na wifi. Dada wa marehemu mumewe, waliishi pamoja, wakigombana kila siku na hawawezi kula mmoja bila mwenzake. Wifi huyu aliifuata Ngazi ya Nyuma sehemu hamsini na moja, asikose hata moja. Ya hamsini na mbili ilimkuta leba, akijifungua binti. Tangu hapo, kila ilipofika siku ya kuzaliwa ya binti huyo, wifi alikuwa na maneno yale yale: "Mtoto mzuri, Mungu namshukuru, ila angesubiri saa moja tu! Wifi, hiyo kanda si unayo?"

"Ipo stoo," Mama Kanda alikuwa akijibu. "Watarudia tu."

Jumanne jioni wifi alikuwa jikoni akimenya vitunguu, furaha imempanda kichwani.

"Kwa hiyo kesho mnawaonyesha wakubwa, kisha chaneli, kisha na sisi tunaona? Nimewaambia majirani wote. Yule wa mlango wa bluu ameshanunua zulia."

"Hawajakubali bado."

"Watakubali. Mbona machozi yanakutoka, kama wewe ndiye unayechumbiwa?"

"Vitunguu," alisema Mama Kanda.

"Vitunguu namenya mimi."

Mama Kanda alikuwa na mahali pa kuponyokea, na hili lilimtesa kuliko yote. Fundi mitambo, mzee waliyemwita Waya, ndiye ambaye angeendesha mashine kwenye kikao. Mama Kanda alikuwa amemweleza kila kitu asubuhi ile, mara ya kwanza kumweleza mtu. Waya alikuna kidevu.

"Dogo hilo. Nitasema kichwa cha mashine, kile kinachosoma kanda, kimekufa. Nani atabisha? Utawasimulia kwa mdomo, wataelewa."

"Na chaneli ikianza?"

"Tutasema kanda imeliwa na ukungu. Mama Kanda, umeficha miaka kumi na tisa, unashindwa kumalizia?"

Jumatano saa nne asubuhi alikuwa ghorofa ya tano, boksi mapajani. Watu saba mezani. Mwenyekiti wa bodi, mzee mwenye sifa ya kusinzia kabla ya ajenda ya pili, alikuwa tayari amefumba macho. Mkuu wa matangazo ya biashara, mama mmoja asiyecheka bure, alikuwa akichezea simu. Mama Kanda alieleza. Alisema kanda ni ngapi, tamthilia ni ngapi, chaneli itahitaji watu wangapi. Akasikia jinsi maneno yake yalivyokuwa makavu. Mkuu wa matangazo hakuinua kichwa hata mara moja.

"Asante, mama," alisema mkurugenzi. "Sasa tuone mwisho wa Ngazi ya Nyuma."

Mkuu wa matangazo akainua kichwa. "Ngazi ya Nyuma? Mnayo?"

Akaweka simu chini. Mwenyekiti akafumbua jicho moja. Mama Kanda aliona mabadiliko hayo, akajua wakati wa kusema ndio huo, lakini akazidi kulikumbatia boksi. Waya akalichukua boksi kutoka mikononi mwake, akatia kanda, akabonyeza.

Zikaja chenga. Skrini nzima, chenga nyeupe na nyeusi, na mvumo. Watu saba wakazitazama kwa heshima, wakidhani ndivyo inavyoanza. Ikapita nusu dakika. Waya akageuka, uso umetulia kabisa.

"Samahani wakubwa, nadhani kichwa cha mashine..."

"Mashine haina kosa," alisema Mama Kanda.

Alikuwa amesimama, hakujua alisimama lini. "Niliifuta mimi. Kwa mkono wangu. Nilikwenda kunywa chai kabla ya kubandika lebo, nikarudi nikaifuta kwa ajili ya mpira. Kisha nikaweka lebo kwenye kanda tupu ili nisijulikane. Nyingine hamsini na moja zipo, nimezijaribu moja moja, wiki hii sikufanya kazi nyingine. Hii haipo. Naomba mnifukuze mimi, kanda za stoo msizichome."

Mkurugenzi alimkazia macho mekundu kwa hasira. Ndipo mwenyekiti akafumbua jicho la pili.

"Ina maana hatuoni mjane akiondoka na sanduku?"

"Hakuondoka na sanduku, mzee," alisema mkuu wa matangazo.

"Aliondoka. Nilimwona. Lile la kahawia."

"Sanduku lilikuwa la fundi! Yeye ndiye aliyekuwa anahama. Mjane alimfungulia mlango."

"Hakumfungulia," alidakia mwanasheria wa bodi, ambaye tangu saa tatu alikuwa hajasema neno. "Taa ilizimwa. Mimi na mke wangu tulinuniana siku mbili kwa sababu ya ile taa."

Wakashikana kwa maneno. Mwenyekiti aligonga meza, mkuu wa matangazo akasimama kuonyesha mjane alivyoshika kitasa, mwanasheria akaapa kwa afya ya wanawe. Waya naye akasahau kwamba hana kiti mezani, akasema wote wamekosea. Mkurugenzi, ambaye miaka ile alikuwa mtoto wa kulazwa mapema, aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Hakuangalia saa.

"Mama," alisema hatimaye, "nani yuko sahihi?"

Wote wakamgeukia. Mama Kanda akalichukua boksi lake.

"Najua ilivyoisha. Lakini kuna mtu anayepaswa kusikia kabla yenu. Nimemdanganya miaka kumi na tisa."

Alasiri aliletewa bahasha mbili kwa mkupuo. Ya kwanza ilikuwa barua ya onyo, kali, imepigwa mhuri. Ya pili ilisema stoo haitaguswa, chaneli ya marudio itafanyiwa majaribio ya miezi mitatu, na sehemu ya hamsini na mbili itasimuliwa mbele ya kamera na mtunza kanda mwenyewe. Alizisoma zote akiwa amesimama. Hiyo ya kamera ilimtisha kuliko ya onyo.

Njia nzima ya kurudi alipanga maneno, na alipofika mlangoni hayakuwepo. Wifi alikuwa amevaa vizuri, anamsubiri.

"Wamekubali?"

"Wamekubali. Wifi, kaa."

Alimwambia akiwa bado na mkoba begani. Chai, lebo, sumaku, mpira, uongo. Wifi alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwahi kutokea ndani ya nyumba ile. Alipomaliza, wifi alitazama mikono yake.

"Wodini kulikuwa na televisheni," alisema taratibu. "Jumapili ile nilimfunga mtoto kwenye khanga, nikaburura kiti changu hadi mbele. Na mshono wangu. Wakaweka mpira."

"Naomba unisamehe."

"Dakika tisini nilikaa pale nikiamini utaisha mapema."

Mama Kanda alilia waziwazi, kama alivyokuwa hajalia tangu msiba wa mumewe. Wifi hakumbembeleza. Aliinuka, akaenda jikoni, vyombo vikagongana huko kwa hasira. Mama Kanda akajua ndiyo hivyo tena. Kisha wifi akarudi akiburura kiti, akakiweka mbele yake, karibu kabisa, magoti yakigusana, akaketi na kukunja mikono.

"Haya," alisema. "Anzia muziki. Na usiruke hata matangazo."