Salamu za Mama Kwenye Kompyuta

Mama alikataa katakata nianze ujumbe na shida. "Utamvamiaje mtu na haja zako, hata hujamjulia hali?" Nikamweleza, wallahi nikachoka kueleza, kwamba lile baraza la kwenye kompyuta, watu wanakoandikiana kwa Kiswahili, husomwa na watu walioko Ulaya na Marekani, kila mmoja na haraka zake. Programu huwaonyesha vichwa vya habari tu, nao huchagua cha kufungua. Kichwa kiseme wazi kuwa anatafutwa baharia wa Kisauni. Mama akasema, "Andika Salamu."

Baharia huyo ni kaka yangu. Aliondoka na meli, akashukia huko Ulaya, kisha kimya. Mama alitaka kujua jambo moja tu, yu hai au amekufa. Mimi nilikuwa karani Changamwe, ofisi yenye modemu, kile kidude cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, na bosi aliniruhusu kuitumia kazi ikiisha.

Basi nikaandika salamu za mama, za shangazi, za majirani, na pole ya baridi. Swali likaja mwisho kabisa. Majibu yakamiminika! Mmoja akanifokea kuwa nampotezea wakati. Mwingine akamfokea yule kwa kukosa adabu. Wakaingia wa bara na wa pwani, wakagombania Kiswahili cha nani ndicho Kiswahili. Kila jioni nikifungua, ni matusi chini ya kichwa "Salamu". Niliwachukia watu ambao hata sura zao sizijui.

Jioni moja likaja jibu refu, mstari kwa mstari. "Mama, shikamoo. Ule mguu wako wa kushoto wasemaje?" Habari za mguu huo sikuziandika popote. Akamsalimu shangazi, akawasalimu majirani mmoja mmoja. Nikawa namwambia kwa sauti, sema uko wapi, ewe mtu! Mlinzi akainua simu chumba cha pili, laini ikakatika.

Mvua ikaua simu wiki nzima. Ziliporudi, ule ujumbe ulikuwa umeshafutwa, kama zinavyofutwa jumbe zote za zamani. Nikaandika tena, wakajibu wagomvi walewale.

Nilikuwa sijamwambia mama, nikingoja habari kamili. Siku hiyo nikamwambia, nimejaa hasira, kwamba mwanawe kamaliza nafasi yote kwa salamu.

"Mguu aliuulizia?"

"Aliuulizia, mama, lakini hakusema..."

"Basi yu hai," akasema, akakaa mkekani, akalia. Nami nikakosa pa kuzipeleka hasira zangu.