Kobe Niliyemfunika Kawa

Nyinyi mliokulia Malindi ya Unguja kipindi kile cha malai ya barafu ya embe na mchezo wa kibe wa kujificha na kutafutana, huenda mkanikumbuka. Mimi ni yule mtoto wa nyumba ya mlango wa buluu, niliyekuwa nikinuna hata siku ya Idi kwa sababu gauni la mwenzangu lina marinda mengi kuliko langu. Nasema mapema msije mkanionea huruma. Nilikuwa na roho ya kwa nini, na aliyeipata zaidi ni Sabra, jirani yetu wa ukuta mmoja.

Tulikuwa na miaka tisa pale Ami Suleiman, mdogo wake baba, aliporudi kutoka bonde la mpunga alikokuwa akilima, na pakacha mkononi. Ndani mlikuwa na kobe wa maji wawili, wadogo kama biskuti, wananuka tope, vichwa wamevificha. Wote wawili aliniletea mimi. Lakini Sabra alikuwa amekaa barazani kwetu anamumunya ubuyu, na Ami hakuwa mtu wa kumpita mtoto wa jirani hivi hivi.

"Mmoja wako, mmoja wa mwenzio," akasema. "Pacha hawa, mtunze pamoja."

Nilimwonea Sabra wivu hata kabla sijamshika wa kwangu.

Nyumba yetu ilitawaliwa na Bibi, na kwa Bibi kila kizuri kilikuwa na adui dirishani. Mtoto mchanga alipakwa wanja mpaka akafanana na paka. Sufuria ya biriani haikupita uchochoroni bila kufunikwa mara mbili. Cheti cha kaka yangu cha kufaulu mtihani kilikaa chini ya godoro mwaka mzima, na kilipotakiwa kilikuwa kimeliwa na mende. Alipomwona kobe wangu hakuuliza anakula nini.

"Mfiche huyo," akasema. "Watu wana macho. Hasidi hana sababu."

Akanitolea bakuli la kauri kutoka kabati la vyombo vya wageni, tukatia maji kidogo, tukalifunika kwa kawa lake jekundu la ukili, lile la kufunikia sinia la Idi. Kobe akawekwa chumba cha ndani, ambako hata adhuhuri ulihitaji taa. Kila Alhamisi jioni nilimfukiza ubani. Nilimlisha mkate wa boflo uliorowekwa kwenye maziwa, wali mweupe, na siku moja halua. Nilimkirimu kama bwana harusi, na hakuna mtoto wa mtaa aliyeruhusiwa kumwona. Hata mimi nilimfunua mara mbili kwa siku tu, haraka haraka, nisije nikampa jicho langu mwenyewe.

Sabra hakuwa na kauri wala kawa. Mama yake, Bi Rukia, alikuwa akipika mikate ya kumimina ya kuuza, na nafasi ya kuogopa macho ya watu hakuwa nayo. Kobe wa Sabra alikaa uani kwenye karai kuukuu, jua la asubuhi linampiga, upande mmoja umetandazwa gunia apate kivuli akitaka. Ndani alitia kigae kilichochomoza juu ya maji, kobe apande kujianika. Maji aliteka kisimani, akayabadilisha kila siku kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani. Chakula chake kilikuwa dagaa wabichi na miba yao, nyungunyungu waliochimbwa chini ya mgomba, majani ya mchicha, na kile kifupa cheupe cha ngisi kinachookotwa pwani, kobe akawa anakiguguna kama mtoto na muwa. Nani alimfundisha sijui. Nadhani alikaa akamtazama tu, mpaka akajua anataka nini. Na watoto wa mtaa mzima walijaa uani kwao, wakimtazama naye.

Haikupita miezi miwili, kobe wa Sabra akawa na gamba gumu kama jiwe, anapiga mbizi karai zima. Wangu alikuwa na macho yaliyovimba, na gamba ukilibonyeza linabonyea kama ganda la chungwa.

"Keshaonwa huyo," Bibi akasema.

Kaonwa na nani, na sisi wenyewe tulikuwa hatumwoni? Sikuuliza. Jina lilikuwa tayari moyoni mwangu.

Siku moja Sabra na mama yake walikwenda mazikoni Mkokotoni. Mlango wa uani kwao ulikuwa wa kusukuma tu. Niliingia na kobe wangu ndani ya kanga, nikamtoa wa Sabra karaini, nikamweka wangu pale pale juu ya kigae. Nikarudi na wa Sabra ndani ya kanga ile ile, nimefurahi. Niliona nimechukua haki yangu, maana tangu mwanzo niliwahesabu wote wawili kuwa wangu.

Kesho yake Sabra alikuja akasimama mlangoni.

"Wako hajambo?" akauliza.

"Hajambo."

"Mtoe juani. Na mkate usimpe, mpe dagaa."

Nikamfungia mlango. Anataka nimtoe nje ili amtie jicho, ndivyo nilivyojiambia. Siku hiyo juu ya kawa niliongeza kanga.

Kobe hakuifikia Ramadhani. Yule yule aliyekuwa na gamba la jiwe alilegea mikononi mwangu, macho yakafumba, na asubuhi moja nilimkuta haelei wala hazami vizuri. Nilimzika ndani ya boksi la majani ya chai, chini ya mlangilangi wa Bibi. Na upande wa pili wa ukuta, yule mgonjwa niliyempeleka mimi alikuwa amefumbua macho na anapanda kigae mwenyewe. Nililia, na katikati ya kilio nikamwonea Sabra wivu upya. Yeye hakusema neno. Nikaamua kwamba hakujua, na kwa miaka mingi nilijiona mjanja na yeye mzito.

Binti yangu sasa ana miaka kumi na miwili, naye anafuga paka, paka wenyewe wamo ndani ya simu. Anawalisha kwa kidole. Akisahau wiki nzima, anabonyeza mahali fulani, paka wanaamka wazima. Nilimchukua nikampeleka kwa Sabra, anayeishi bado nyumba ile ile, akaone kitu kinachonuka.

Uani hakuna karai tena, pana birika la saruji lenye ngazi ndogo ya mawe. Kobe alikuwa juu yake anaota jua, mkubwa kama sahani ya biriani. Binti yangu aliiweka simu chini bila kuambiwa.

"Kamsalimie kobe wa mama yako," Sabra akamwambia.

Damu ilinipanda usoni. Sabra alikuwa anakata vichwa vya dagaa, hata hakuinua macho.

"Wangu alikuwa na pengo kwenye ukingo wa gamba, hapa nyuma," akasema. "Nlijua siku ile ile."

"Basi mbona hukusema?"

"Ningesema ungenirejeshea wangu, na huyu angerudi chini ya kawa. Huyu ndiye aliyekuwa mgonjwa. Nkaona wangu ana nguvu, atastahamili mpaka utakapomtoa juani."

Hakustahamili. Hilo sote wawili tulilijua.

Watoto wa leo wakikosana wanafutana kwenye simu kabla chai haijapoa. Enzi zetu mtoto wa miaka tisa aliweza kumwacha wake kwa mwizi ili amponye wa mwizi, kisha akacheza kibe na mwizi huyo jioni ile ile. Lakini nisitusifu wote, maana alikuwa mmoja tu, na mimi nilikuwa yule mwengine.

Sabra akanisogezea sahani. "Mlishe basi, wako huyo."

Nikachukua kipande cha dagaa, nikakishusha taratibu majini. Kobe alikitazama, akanitazama, kisha akazunguka, akaenda kuungoja mkono wa Sabra. Na wallahi, kwa umri wangu huu, niliona wivu.